Beba kamera, vaa raba, utoke mtaani

FUNGUA kabati pale sebuleni, msomaji, uitoe albamu ya familia. Bila shaka ukurasa wa kwanza una picha ya arusi ya wazazi. Kisha zinafuata za studio: mtoto ameketishwa juu ya stuli, nyuma yake pazia lililochorwa ndege ya abiria, na pembeni maua ya plastiki. Halafu ile ya Uhuru Park siku ya Krismasi, jamaa nzima imesimama wima kama askari wa gwaride kando ya ziwa la mashua. Sasa tafuta picha moja tu inayowaonyesha mkiwa mlimani au msituni, mnatembea, mnacheka, wala hamuitazami kamera. Wengi wetu tutaipekua albamu hadi jalada la mwisho tusiione.

Funga albamu, ushike simu yako. Humo mna picha maelfu: sahani za chipsi, nyuso za marafiki zilizopigwa kwa karibu mno hadi pua zimevimba, risiti za duka, maandishi ya ubaoni uliyoyapiga kwa uvivu wa kuandika. Nazo zitakaa humo hadi siku simu itakapotumbukia majini au kunyakuliwa kwenye dirisha la matatu.

Kati ya albamu ile na simu hii kuna uraibu ambao sisi watu wa mjini tungeweza kuufaidi bila gharama kubwa, nao ni kutoka nje kutembea huku ukipiga picha. Sisemi habari ya kuwa mpiga picha wa arusi au wa magazeti. Nasema habari ya kujifurahisha siku ya mapumziko, baba, mama na watoto, au wanachuo wanne waliochanga nauli. Mimi nimeufuata uraibu huu kwa zaidi ya miaka ishirini, na hadi leo sijawa bingwa. Ila nimeona kwamba kamera ina tabia mbili. Humfanya mtu atembee polepole, akaona vitu ambavyo angevipita. Tena humfanya asahau miguu yake iko wapi. Tabia ya kwanza ndiyo raha yenyewe. Ya pili nusura iniulie mpwa.

Yaliyotupata Longonot

Ilikuwa likizo ya Agosti, 2003. Dada yangu alikuwa ameniletea kijana wake wa kidato cha pili akae nasi Nairobi wiki mbili. Kijana huyu aliiona kamera ya marehemu baba yetu, Yashica ya filamu ndani ya mfuko wa ngozi, akawa haachi kuizungukazunguka. Baba hakuwa mtu wa anasa. Kamera ile ndiyo kitu pekee ninachokumbuka alikinunua kwa kujifurahisha tu, nasi tuliihifadhi kama watu wengine wanavyohifadhi hati ya shamba. Hatimaye nilimkabidhi, pamoja na roli mbili za picha 36, nikamwambia tutaipeleka mlimani.

Jumamosi alfajiri tulipanda matatu ya Naivasha inayopitia Mai Mahiu: mimi, binti zangu wawili na mpwa wangu. Longonot ni mlima wa volkeno uliolala usingizi katika Bonde la Ufa, yapata kilomita 90 kutoka Nairobi, na kilele chake kina urefu wa mita 2,776. Ukiutazama kutoka barabarani waweza kudhani ni kilima cha kupanda kabla ya chai. Usidanganyike. Njia inaanza taratibu, kisha inasimama kama ngazi ya ghorofa, na vumbi lake ni jivu la volkeno, laini kama unga wa ngano, linaloingia kwenye soksi, puani na, ole wako, kwenye lenzi.

Baada ya mwendo wa saa moja na kitu unafika ukingoni mwa kasoko, yaani ule mdomo wa volkeno, na hapo kila mtu hunyamaza. Kule chini ndani kuna msitu mzima wa kijani kibichi, umezungushiwa kuta za mawe. Mahali pengine ukutani unaona mvuke mwembamba ukitoka mwambani. Ukigeuka nyuma, Ziwa Naivasha linameta. Njia ya kuuzunguka ukingo ni kama kilomita saba, na kuna sehemu ambapo upana wake ni wa mtu mmoja tu: huku kasoko, huku genge.

Hapo ndipo mpwa wangu alipotaka kutupiga picha sisi watatu pamoja na kasoko lote. Kasoko halikuingia. Akarudi nyuma hatua moja, jicho likiwa kwenye kidirisha cha kamera. "Bado kidogo, Mjomba." Akarudi ya pili. Ya tatu haikuwa na ardhi.

Hakuanguka moja kwa moja. Ukingo ulimomonyoka chini yake, akateleza kwa tumbo mita tatu hivi, akakidaka kichaka cha leleshwa kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umeiinua kamera juu isiguse mawe. Nililala kifudifudi nikamnyooshea mkono. Na hebu sikia, msomaji, alichoniambia mtoto yule: "Mjomba, pokea kamera kwanza."

Nilimfokea kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa watoto wangu mwenyewe. "Iachilie!" Akaiachilia. Tuliisikia ikigonga jiwe, ikagonga jingine, kisha kimya. Kundi la wanachuo waliokuwa nyuma yetu walinishika miguu, wakafunganisha sweta mbili, na kwa pamoja tukamvuta akiwa na goti lililochanika na mdomo umejaa jivu.

Kilichoniuma baadaye si kamera. Ni kwamba mtoto wa miaka kumi na mitano, akiwa ananing'inia, alikuwa amepima akaona kitu cha babu yake kina thamani kumshinda yeye. Tena ni mimi niliyemfundisha hivyo, kwa kumkumbusha njia nzima asiiangushe. Dada yangu aliambiwa kijana alijikwaa. Kama anausoma ukurasa huu leo, basi ayajue yaliyobaki.

Tangu siku ile nyumbani kwangu kuna sheria moja: jicho likiwa kwenye kamera, miguu imesimama. Ukitaka kusogea, shusha kamera, tazama unakokwenda, sogea, kisha uinue tena. Kwa simu jambo hili ni baya zaidi, maana anayejipiga mwenyewe huwa amelipa shimo kisogo.

Baiskeli na pundamilia

Hata hivyo, nisikutishe hadi ukabaki nyumbani kutazama televisheni. Kama ningeambiwa nikuchagulie mahali pamoja pa kuanzia, ningekupeleka Hell's Gate, ng'ambo ya Longonot, kusini mwa Ziwa Naivasha. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1984, nayo ni miongoni mwa chache nchini ambamo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama bila kujifungia ndani ya gari. Baiskeli hukodishwa karibu na lango la Elsa, lililopewa jina la yule simba jike aliyelelewa na Joy Adamson na mumewe.

Fika mapema, jua likiwa bado linapanda. Majabali ya pande zote mbili huwa mekundu kama matofali, na pundamilia huvuka barabara bila haraka kama wanafunzi wanaochelewa shule kwa makusudi. Utamwona ngiri amepiga magoti akila majani, mkia wake ukiwa tayari kusimama kama ariali ya redio. Utawaona twiga. Katika mnara wa jiwe uitwao Fischer's Tower, uliopewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika hapo mwaka 1883, wamo pimbi, wanyama wadogo wanene wanaoota jua juu ya mawe na kukutazama kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Sasa sikiliza kosa langu la siku ya kwanza. Kila nilipomwona pundamilia nilitupa baiskeli chini nikamkimbilia. Nilirudi nyumbani na roli nzima ya makalio ya pundamilia. Mara ya pili, kwa kuwa mguu wa baiskeli ulikatika na sikuwa na namna, nilikaa chini kivulini nikisubiri wenzangu. Baada ya dakika ishirini hivi kundi lile lile lililokuwa likinikimbia likaanza kurudi kidogo kidogo, likila. Dume mmoja alisimama hatua thelathini kutoka nilipokuwa, akainua kichwa, na upepo ukalaza nyasi zote upande mmoja. Picha ile ninayo hadi leo. Sikuifuata, ilinijia.

Kuketi huku ndiko ninakokuita raha ya uraibu huu. Mtu asiye na kamera angetazama pundamilia sekunde kumi akasema, "Haya, twende." Mwenye kamera anakaa. Na akikaa ataona kwamba ndege fulani hurudi kwenye tawi lile lile, kwamba kivuli cha jabali kinatembea, kwamba mtoto wa nyani anapigwa kofi na mama yake kwa sababu zile zile anazopigiwa mtoto wa binadamu.

Ila nyati usimsubiri, wala usimsogelee. Ukimwona, geuza baiskeli polepole urudi ulikotoka. Na Naivasha kuna kiboko. Agosti 2018 mtalii mmoja aliuawa na kiboko ufuoni mwa ziwa hilo, na mwenzake akajeruhiwa, walipokuwa wakipiga picha. Kiboko anayetoka majini jioni kwenda malishoni hataki kuona mtu kati yake na maji. Kama huwezi kumpata picha kutoka mbali, mwache akae bila picha.

Lipo pia lile korongo la Hell's Gate, njia nyembamba kati ya kuta zilizochongwa na maji, ambalo wapenda picha wote hulitamani kwa jinsi mwanga unavyoshuka humo. Kuta zile nzuri zilichongwa na mafuriko, na mafuriko hayajaacha kazi. Aprili 2012 vijana waliokuwa katika matembezi ya kanisa walikumbwa na maji ya ghafla humo, na saba wakafa. Septemba 2019 yakatokea tena, na watu saba wakapoteza maisha. Mvua hunyesha juu kwenye vilima, mbali, nawe uliye chini unaona anga ya buluu hadi maji yanapofika. Baada ya mkasa wa 2019 korongo lilifungwa kwa wageni. Kwa hivyo waulize askari langoni hali ikoje siku hiyo, na wakikuambia usishuke, usishuke. Katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba, mimi siulizi hata kidogo, nabaki juu.

Jua la saa sita si rafiki

Watu huniuliza wanunue kamera gani. Jibu langu ni ile uliyo nayo mfukoni. Simu nyingi za siku hizi zinatosha kabisa kwa mwaka wako wa kwanza. Ukiona baada ya mwaka bado unaamka alfajiri kwa hiari yako, basi tafuta kamera iliyotumika yenye lenzi ya kubadilishwa, na umwombe mtu anayejua aikague kabla ya kutoa pesa.

Kinachotofautisha picha na picha ni mwangaza. Sisi tunaoishi karibu na ikweta jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili unusu asubuhi na kutua karibu saa hiyo hiyo jioni, mwaka mzima, wala haliagi kwa muda mrefu. Ile saa ya kwanza na ile ya mwisho ndizo zenye mwangaza wa dhahabu, unaokuja kwa upande na kuonyesha mikunjo ya mlima na tabasamu la mtu. Saa sita jua liko utosini. Macho ya mama hugeuka mashimo meusi, na nyasi zote huwa nyeupe. Saa hiyo kaeni kivulini mle chapati zenu. Kama ni lazima kumpiga mtu, mwite chini ya mti, kwenye kivuli kilicho wazi.

Je, umeona jinsi nyuso za wazee wetu katika picha za zamani zilivyo nyeusi tititi, hata mtu humtambui shangazi yako ila kwa kitambaa? Sehemu ya kosa ni hilo jua la utosini. Sehemu nyingine si kosa la mpiga picha wa mtaani kwenu. Kwa miaka mingi rangi za filamu zilipimwa kwa kadi za kampuni ya Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi kama zetu hazikufikiriwa. Simu nayo hudanganyika: ikiona anga jeupe nyuma ya mtu hupunguza mwanga wote, uso ukazama. Dawa ni kugusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, kisha kusukuma kile kialama cha jua juu kidogo hadi uso uonekane. Anga likipotea, na lipotee.

Mengine ni madogo lakini hayadharauliki. Futa lenzi kwa kitambaa safi cha pamba, kwani simu inayokaa mfukoni na njugu karanga haiwezi kuona vizuri. Usivute picha kwa vidole, maana hapo simu haisogei karibu, inapanua tu ilichonacho na kukiharibu. Piga magoti unapompiga mtoto, uwe usawa wa macho yake. Na kuna zoezi moja ambalo nawapa wote wanaokuja nami: jiwekee roli. Zamani roli ilikuwa na picha 36, nazo zilikuwa za kulipiwa, ukasubiri wiki nzima zisafishwe. Basi kabla ya kutoka nyumbani amua kwamba leo utapiga 36 tu. Ikifika ya thelathini utaanza kufikiri kabla ya kubonyeza, jambo ambalo ungefanya tangu ya kwanza.

"Hakuna aliyewahi kurudi nayo"

Katika vilima vya Ngong, chini ya ile mitambo ya upepo ambayo ya kwanza yake ilisimikwa mwaka 1993, kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara. Ulikuwa mwezi wa Julai, mawingu yametanda, moshi ukipanda polepole mbele ya uso wake, na mwangaza ulikuwa ule laini wa majira ya baridi ambao kwa picha za watu haushindwi hata na wa alfajiri. Mimi nikainua kamera kutoka mbali, kama mwizi.

Aliniona. Akaniita, "Njoo hapa, mwanangu." Nikaenda kwa aibu. Hakunikaripia. Akaniuliza, "Wewe utakuwa wa ngapi? Wamenipiga wengi, wazungu na weusi, na hakuna aliyewahi kurudi nayo nikaiona."

Nilinunua hindi, nikaketi juu ya debe, tukazungumza habari za bei ya magunia na shule za wajukuu wake. Kisha nikamwomba ruhusa kama ipasavyo, akakubali, akafunga kitambaa upya. Mwezi uliofuata nilimpelekea picha mbili, kubwa na ndogo. Ile ndogo aliitia kifuani. Ile kubwa iliwapitia wauzaji wote wa pale, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaniuliza yake itakuwa lini. Sikuwa na la kusema ila kurudi tena na tena, na hivyo nikaijua Ngong kuliko ambavyo ningeijua kwa kuikwea tu.

Kuomba ruhusa ni adabu, na siku hizi pia kuna sheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu kuwa habari yake binafsi. Mwaka 2023 afisi ya Kamishna wa Data ilitoza baa moja ya Nairobi faini ya zaidi ya Sh1.8 milioni kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja zaidi ya Sh4.5 milioni kwa picha za wanafunzi ambazo wazazi hawakuziidhinisha. Wewe huenda usitangaze biashara, lakini mtoto wa mtu ni mtoto wa mtu: uliza mzazi. Usielekeze kamera kwenye kambi za jeshi wala vituo vya polisi, hata kama machweo nyuma yake ni mazuri namna gani. Na wale mnaotamani ndege ndogo za kurushwa na kamera, jueni kwamba zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, na mbugani zinahitaji kibali cha KWS pia.

Kwa wale wa nauli fupi

Si lazima uende Naivasha. Msitu wa Karura uko ndani ya jiji, zaidi ya hekta elfu moja, wenye maporomoko ya maji, mapango na mbega waliorejeshwa humo miaka ya karibuni. Unapopita chini ya miti ile ukumbuke kwamba miaka ya 1998 na 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa kwa kukataa igawanywe viwanja. Wanaotembea humo leo na watoto wao wanatembea juu ya ubishi wa mama yule.

Wanaopenda ndege hawana kisingizio kabisa. Kenya ina zaidi ya aina elfu moja za ndege, na chama cha Nature Kenya, chenye mizizi yake katika jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1909, kimekuwa na desturi ya matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kuanzia Makavazi ya Nairobi. Nenda ukawasikilize, wazee wa pale humjua ndege kwa kikohozi. Usidhani pia kwamba uraibu hauwezi kufika mbali. John Karmali, aliyekuwa mfamasia jijini Nairobi, alipiga picha za ndege kwa mapenzi yake hadi kazi yake ikatoka katika kitabu, Birds of Africa, mwaka 1980. Wanafunzi nao waulize kama shule yao ina tawi la Wildlife Clubs of Kenya, chama kilichoanzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1968. Safari za pamoja hupunguza nauli, na mzazi hulala akijua kuna mwalimu.

Kuhusu ada za mbuga, hubadilika, kwa hivyo angalia kabla ya kuondoka. Raia hulipa chini ya mgeni, watoto na wanafunzi chini zaidi, basi beba kitambulisho chako na barua ya shule. Hifadhi za KWS hulipiwa kwa eCitizen, si kwa noti, nami nimewaona watu waliofika langoni na pesa mkononi na simu isiyo na chaji, wakibaki kutazamana na twiga kupitia waya. Beba maji lita mbili kwa kila mtu, kofia, sweta, na chakula cha nyumbani. Vaa raba zilizozoea mguu wako, si mpya. Ngong usiende peke yako. Unaweza kuomba askari wa msitu akusindikize. Mwambie mtu aliyebaki nyumbani mnakokwenda na saa ya kurudi.

Na mkirudi, msizilaze picha simuni. Jumapili jioni, kabla uchovu haujaisha, kaeni pamoja mzipitie, mfute zile mbaya bila huruma, mchague kumi. Hizo kumi zipelekeni studio zikachapishwe kwenye karatasi, muandike nyuma kwa kalamu ya risasi: mahali, tarehe, na nani alikuwepo. Miaka ishirini ijayo hakuna atakayekumbuka neno la siri la simu yako.

Mpwa wangu hufanya hivyo hadi leo. Siku hizi ni mwalimu wa Fizikia, ana watoto wake wawili, na kila likizo ya Agosti huwatoa nje na kamera yake mwenyewe. Nilimtembelea majuzi akanifungulia albamu. Picha ya kwanza kabisa niliipiga mimi, kwa kikamera changu cha bei rahisi, mchana ule wa 2003. Ameketi juu ya jiwe ukingoni mwa Longonot, goti limefungwa kwa kitambaa cha binamu yake, na shingoni ananing'iniza mfuko wa ngozi usio na kitu ndani. Amenikasirikia kwa kumpiga. Nyuma yake kasoko limeingia lote.